Kumi na Nne au Kumi na Tano

Benchi letu liko mbele ya karakana ya Patasi, seremala, na ubishi huanza kahawa ikishamiminwa. Asubuhi ile msalaba ulikuwa umelala kwenye meza ya kazi, jina na mwaka vimeshachongwa, bado tarehe tu. Kijana wa watu alikata roho jioni ya tarehe kumi na nne, jua limeshazama. Ndivyo asemavyo mama yake. Cheti cha hospitali kinasema kumi na tano. Mazishi saa nane mchana, mama anakuja kuuchukua msalaba wakati wowote, na Patasi, badala ya kumuuliza mwenye mtoto, akatuuliza sisi.

— Kalenda, wewe umefundisha dini miaka thelathini. Nichonge ipi?

Kalenda ni mwalimu mstaafu. Hajawahi kujibu swali kwa neno moja.

— Cheti kiko sawa. Kwa Wayahudi siku huanza jua likizama. Kristo alisulubiwa kumi na nne ya mwezi wao wa Nisani, wakamzika mbiombio, maana jua likizama tu ni kumi na tano, sikukuu. Na huyu kijana jua lilishazama. Kumi na tano.

— Acha hizo! akadakia Wembe, kinyozi. Siku njema huonekana asubuhi. Ingekuwa inaanza jioni tungeionaje?

— Methali si kalenda.

— Haya, mwenye kalenda. Ijumaa jioni mpaka Jumapili alfajiri, siku tatu mchana na usiku zinatoka wapi? Mimi naona usiku mbili tu.

— Kwao kipande cha siku ni siku. Tena wapo wanaosema ilikuwa Jumatano, maana Alhamisi ilikuwa sikukuu, nayo ni sabato vilevile. Jumatano jioni mpaka Jumamosi jioni, saa sabini na mbili kamili.

— Usiku wa tatu ninao mimi, nikasema, na mpaka leo najionea haya. Lile giza la mchana pale msalabani. Giza si ndio usiku?

— Mnajisumbua bure, akasema Wembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kaburini alikuwa mgeni, ya tatu akatoka. Ndiyo maana yule mwanamke aliyekuja kaburini alimdhania mtunza bustani!

Tukacheka kwa sauti, Mungu atusamehe. Mama wa marehemu alikuwa amesimama nyuma yetu, na sijui alifika saa ngapi.

— Pole sana, mama, tukasema, tukiinuka wote.

— Nimeshapoa. Kaeni.

Patasi alikuwa ameinamisha kichwa.

— Mama, nisamehe. Niandike ngapi?

— Kumi na nne. Mkono wake nilikuwa nimeushika mimi, si daktari.

Patasi akaanza kuchonga. Hakuna aliyethubutu kutaja Nisani. Mama akapuliza vumbi la mbao kwenye jina la mwanawe, kisha akamgeukia Kalenda.

— Mwalimu, nimewasikia. Mimi hesabu siziwezi. Ila mama yake Kristo alikuwepo pale msalabani, akaona yote. Walipokwisha kumzika mwanawe, kesho yake alipoamka, alifanya nini?

Kalenda akaweka kikombe chini.

— Haikuandikwa, mama.

— Najua, baba. Nimeitafuta.