Salimia Kabla ya Kufuta: Maisha ya Dada Yetu, Mwalimu wa Kemia

Dada yetu mpendwa, ambaye wanafunzi, majirani na hata mume wake walimwita Mwalimu, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 katika nyumba za wauguzi nyuma ya hospitali ya wilaya, ambako mama yetu alikuwa mkunga. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba, na nimepewa kazi hii kwa sababu wakubwa wangu waliikataa. Kwa nini waliikataa, mtasikia.

Alianza shule ya msingi ya mtaani kwetu mwaka 1965, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana, ambako aliipenda kemia kuliko chakula. Likizo moja alitia misumari katika glasi za mama: nyingine maji ya chumvi, nyingine mafuta, nyingine kavu, ili aone ipi itaota kutu kwanza. Akatukataza kuzigusa. Wageni walipokuja, mama aliwanywesha soda katika vikombe vya plastiki vya watoto, na aibu ile aliisimulia mpaka uzeeni. Mwaka 1980 Mwalimu alihitimu chuo cha ualimu.

Kuanzia Januari 1981 hadi alipostaafu mwaka 2013 alifundisha kemia na fizikia katika shule moja ya kutwa, maabara ile ile, ubao ule ule. Alikuwa mwalimu hodari, na ulimi wake ulikuwa mkali. Mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia alirudishiwa daftari lenye neno moja kwa wino mwekundu: "Umeota?" Baadhi yenu mlioketi hapa mliulizwa swali hilo, nawaona mnavyotazama chini.

Mume wake alimpata kazini. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ameitwa kutengeneza nondo za madirisha ya maabara. Mwalimu alipita nyuma yake na nyundo ndogo, akigonga kila kiungo.

"Mwalimu, unanisahihisha?" fundi aliuliza.

"Nakusahihisha."

"Basi niandikie na maksi."

Hakumwandikia maksi. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni mfamasia, na mtoto wa kiume, ambaye ni fundi kama baba yake.

Mwaka 2009 Mwalimu alijiunga na kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wengi kwa kujitolea, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kusahihisha. Alikabidhiwa makala za sayansi na kazi ya kuwapokea waandishi wapya. Kila Jumamosi aliwakusanya katika chumba cha juu cha maktaba, chenye viti vya plastiki, projekta moja na feni iliyokuwa ikilalamika kuliko wanafunzi. Aliwafundisha kwamba kila sentensi iwe na chanzo, yaani kitabu au utafiti ambao msomaji anaweza kwenda kuuangalia mwenyewe. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alikuwa akisema, na kweli mgeni wa juma la tatu hakutoka mle bila kuandika aya yake.

Sasa nimefika mahali ambapo kaka yetu mkubwa alitaka niparuke. "Mazishini marehemu husifiwa," alisema kwenye kikao cha familia. "Hayo mengine tumwachie Mungu wake." Nilimheshimu, lakini nilikuwa nimeshaahidi. Mwalimu aliniambia akiwa kitandani, "Wasifu wa sifa tupu ni tangazo la biashara. Kule kwetu tunaufuta. Kosa langu liweke, na usilipambe." Kwa hiyo nasoma, ingawa midomo yangu ni mizito.

Mwaka 2011 mwandishi mgeni aliyejiita Babu Kutu aliandika makala kuhusu kutu. Ilianza hivi: "Kutu ni adui wa fundi na rafiki wa mwenye duka la rangi." Haikuwa na chanzo hata kimoja. Kwa kanuni zao isingeweza kubaki, na Mwalimu alikuwa na haki ya kuiondoa. Lakini alipoiondoa aliacha maneno haya: "Hapa si kijiweni. Nenda kajifunze kwanza, ndipo uje kufundisha wenzako." Jumamosi iliyofuata akaionyesha makala ile ukutani kwa projekta, mbele ya wageni wengine, ili waone mfano wa makala mbaya. Akaisoma kwa sauti ya mlevi. Chumba kizima kilicheka.

Mume wake alikuwa mlangoni. Waya wa umeme wa feni ulikuwa umeungua, naye alikuwa ameleta mwingine kutoka karakana. Alisubiri kicheko kiishe, akachomeka waya, akaaga, akaondoka.

Miaka minne ilipita. Siku moja akaunti ya Mwalimu ilijifunga yenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani. Alipogusa mahali pa kuandika jina, kompyuta ikamletea majina mawili yaliyowahi kuingilia hapo, achague lake. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa Babu Kutu. Aliniambia, "Uso uliniwaka. Nilichukua kitambaa cha meza nikaifunika ile kompyuta, kama vile ina macho."

Alitembea mpaka karakana. Mume wake alikuwa akisugua geti kwa brashi ya waya.

"Babu Kutu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa sahihi, Mwalimu. Haikuwa na chanzo." Akaendelea kusugua.

Dada alisema heri angetukanwa. Binti yao ndiye aliyemweleza yaliyobaki: baba alikuwa akiandika saa za chakula cha mchana, kwa kidole kimoja, akikusudia kumwonyesha mkewe makala ikishasimama, maana alichoka kuwa mtu wa kuleta waya tu. Mwalimu alimwomba msamaha, akapewa. Akamwomba arudi waiandike pamoja, akaambiwa, "Hilo nimeshaacha, mama."

Ulimi hauna mfupa, lakini kule kwao kila neno hubaki katika historia ya ukurasa, na yeyote anaweza kulifungua akalisoma. Wenzake walijitolea kuyaficha maneno yale. Akakataa. "Niliandika mwenyewe, acha nisomwe." Kuanzia hapo aliwawekea wote waliopokea wageni sharti moja: salimia kabla ya kufuta. Ninyi waandishi mliokuja baada ya hapo mlimkuta mama mpole, na najua hamuamini kwamba alikuwepo mwingine. Ndiyo maana sifa zenu zilimchoma. Mwaka 2019 mlipomwandalia cheti, alitoka kwa mlango wa nyuma, mkadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu.

Na kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, aliandika kwenye ukurasa wa kupokelea ujumbe wa Babu Kutu: "Karibu tena. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hakujibiwa. Nyumbani walikula pamoja, walitaniana, walizeeka vizuri. Jambo hili moja hawakuligusa.

Februari 2023 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kwenye kiti kile kile cha hospitali aliendelea kuwaelekeza wageni kwa simu, mkono mmoja ukiwa na mirija. Mume wake alimshikia miwani. Alifariki Jumanne tarehe 13 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa pembeni yake.

Juzi Alhamisi shemeji alinijia na simu mkononi. Neno la siri hakuwa amelisahau siku zote hizo. Alikuwa ameiandika upya makala ya kutu, akaweka chanzo: kitabu cha kemia ambacho mkewe alikifundishia, na namba ya ukurasa. Sentensi ya duka la rangi aliirudisha, kwa ukaidi. Na chini ya salamu ya mwisho ya mkewe aliandika jibu, ambalo ameniomba nilisome: "Mwalimu, nimerudi. Sikuwa nimeacha, nilikuwa nimenuna. Salamu zako zote nilizisoma. Naona haya kwamba nakujibu leo."

Kabla hajafunga simu, ujumbe ukaingia kutoka kwa mmoja wa wageni wa zamani wa Mwalimu, ambaye hakujua anamwandikia nani: "Habari, Babu Kutu, karibu sana. Tumefurahi umekuja. Tafadhali, sentensi ya kwanza bado inahitaji chanzo."

Shemeji aliusoma mara ya pili. "Amesalimia kwanza," akaniambia, na hapo ndipo alipolia.

Marehemu ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, wajukuu watano, kaka mmoja, dada mmoja na mimi mdogo wake, pamoja na waandishi ambao wengine wetu tumewaona kwa mara ya kwanza leo, wakiwa wamesimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha. Sogeeni mbele, ninyi ni wa nyumbani.

Dada yetu, leo mgeni ni wewe. Tunamwomba Mungu huko ulikofika usalimiwe kwanza, na mengine yafuate baadaye. Pumzika.