Makofi kwa Anselmo Pedernera, Mchoma Nyama wa Berisso

Marehemu Anselmo Pedernera alizaliwa Berisso, Argentina, tarehe 4 Machi 1948, mtoto wa pili wa mzee Ramón na mama Felisa. Kwa ushahidi wa mama yake, ubishi aliuanza kesho yake.

Alisoma hadi darasa la saba, akaacha ili, kwa maelezo yake mwenyewe, walimu wapumzike. Akaajiriwa katika kiwanda cha nyama, na kilipofungwa akafungua bucha yake.

Tarehe 12 Mei 1973 alimwoa Delfina Kowalczuk. Walijaliwa Ezequiel na Lorena. Kila Jumapili marehemu alichoma nyama uani, na hakukubali kukaa mezani mpaka mchomaji apigiwe makofi, kama ilivyo ada ya Argentina.

Ezequiel alifariki kwa ajali ya pikipiki Agosti 1998. Jiko likapoa, na jina la kijana halikutamkwa tena na baba yake. Delfina akamsihi aende La Plata, mji wa jirani, kwa mtaalamu wa saikolojia, ambako nusu ya mji huenda kama waendavyo kwa kinyozi.

“Mimi si kichaa, Delfina.”

“Nani kasema kichaa? Wewe ni bubu, mzee.”

Alichokihofia hasa alimnong'oneza Lorena: watu wale humfuta marehemu kichwani mwako ili ulale vizuri. Usingizi wa namna hiyo hakuutaka.

Baada ya miaka miwili alikubali, angalau wamwache apumue. Alipofika aliona kochi, akavua viatu, akajilaza na kufumba macho. Hilo alilijua kutoka kwenye televisheni. Mama mmoja aliyekuwa pembeni akashusha gazeti.

“Mzee wangu, hapa tunasubiri tu. Tena mimi ndiye wa kwanza.”

Zamu yake ilipofika, alimwambia mtaalamu mwenyewe, Bi Mirta Grinberg, wazi: “Ukinisahaulisha mwanangu, hutaniona tena.”

“Nitamfutaje mtu nisiyemjua? Alikuwa anaitwa nani?”

Marehemu akalitaja jina la mwanawe, mara ya kwanza tangu ajali.

Aliendelea kwenda kila Alhamisi, akilalamika njia nzima. Hakupewa kidonge wala amri. “Naongea mimi, nalia mimi, yeye anauliza tu,” alisema, akivaa koti ili asichelewe.

Jumapili moja ya Novemba 2000 moto uliwaka tena uani. Akigeuza mbavu, alisema bila kuulizwa, “Ezequiel alizipenda zikiungua ukingoni.” Delfina ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Aliugua mapafu mwaka 2018, akafariki hospitalini La Plata tarehe 9 Juni 2019, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Delfina.

Ameacha mjane wake Delfina, binti yake Lorena, na wajukuu Tobías na Malena. Aliyemtangulia ni mwanawe Ezequiel. Marehemu aliagiza jina hilo lisomwe hapa kwa sauti, asije mtu akadhani lilifutwa.

Sasa, kabla ya udongo, tunaomba makofi kwa mchomaji. Yakishatulia, naye apumzike kwa amani.