Ba Maati na Mikate Isiyo na Majina

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Maati Serghini, ambaye mtaa mzima unamwita Ba Maati, anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa kwenye tanuri letu la mikate hapa mjini Sefrou. Mimi Bouazza, niliyefanya naye kazi miaka sita na nitakayeshika nafasi yake Jumamosi, ndimi niliyeombwa kuandika haya ya kumuaga. Nimekwisha kuchana karatasi tatu.

Alianza kwa kupasua kuni, akapanda hadi kushika lile koleo refu la mbao la kuingizia mikate. Nyumba arobaini na tatu hukanda unga kwao, huupanga kwenye ubao, huufunika kwa kitambaa na kumletea. Hakuna anayeandika jina. Ba Maati hutazama tu, akajua huu ni wa nani, nani kakanda kwa haraka, nani kaunguza hamira kwa maji ya moto. Siku moja vidole vyake viligusa kitu kigumu ndani ya donge la Ghita, bibi harusi wa wiki moja. Ilikuwa pete ya ndoa. Aliirudisha chini ya kitambaa, kimyakimya, mama mkwe asijue. Ghita ameniruhusu kukisimulia kisa hiki, maana siku hizi mama mkwe mwenyewe hukicheka.

Mkate ukigoma kuumuka, yeye humwambia mwenye mkate, “Lawama kwangu, moto wa leo una kichaa.” Amewasitiri wengi hivyo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Lalla Zhor, yaani Bibi Zhor, hukanda bila chumvi kwa sababu ya presha ya mumewe. Alhamisi iliyopita mkate wake ulikwenda kwa Ghita, na wa Ghita, wenye chumvi, ukaenda kwa mgonjwa. Mzee alishamaliza nusu ndipo mkewe akaja mbio hapa tanurini.

“Nani kampa mume wangu chumvi? Mnataka kunivisha nguo nyeupe za ujane?”

Ba Maati alifuta mikono. “Ni mimi, Lalla. Macho yamechoka. Nisamehe.”

Daktari alimpima mzee, akamkuta salama. Lakini tangu siku ile sokoni wanasema Ba Maati anaondolewa kwa sababu haoni tena. Nami nimekuwa nikiwasikia na kuinamisha kichwa.

Aliyekabidhi mikate ile ni mimi. Ba Maati alikuwa msikitini, swala ya adhuhuri. Nilinyamaza kwa kuogopa kwamba mkijua, Jumamosi mtapeleka unga wenu kwenye tanuri la umeme ng'ambo ya mto. Naogopa hata sasa ninapoandika.

Lalla Zhor, mwenye kukuomba radhi ni Bouazza.

Ba Maati, asante kwa kazi yote. Macho yako ni mazima. Mungu akupe siku nyingi za raha na watu wako, na ondoka kwetu ukiwa na jina lako safi.