Baba Nasambu, Ambaye Kwenye Kitambulisho Aliitwa Josefat Makokha Opicho

Kabla sijaanza, yeyote hapa uwanjani asiyeamini kwamba mwanamume aliyekunja mabati miaka ishirini, mwenye viganja vigumu kama soli ya akala za tairi, alijua kusuka nywele mistari kumi na miwili iliyonyooka kuliko Jogoo Road, ainue mkono sasa hivi nimwone, kwa sababu nikimaliza kusoma nitamfuata hapo alipo awanunulie waombolezaji wote chai. Hakuna? Sawa, nilijua.

Mimi ni Wabwire, mdogo wake marehemu, tulinyonya ziwa moja, niliacha shule darasa la saba, na kama kuna mwenye digrii hapa anayeweza kuandika vizuri kuliko hivi, basi alikuwa wapi wiki yote. Ile karatasi mliyogawiwa langoni, yenye msalaba na maua, ukurasa wa pili imesema marehemu "hakujaliwa mtoto". Ikunjeni muweke mfukoni, itafaa kufungia mahamri. Historia yenyewe ni hii iliyo mkononi mwangu, nimeiandika kwenye daftari la hesabu, na wewe baba mdogo, Mzee Mulongo, mwenyekiti wa kamati, naona unanikunjia uso, kwa heshima zote endelea kukunja, mimi nitasoma mpaka mwisho.

Basi la kwenda Bungoma liko pale nje, injini inanguruma, na kamati imeamua kwamba Nasambu, mtoto wa miaka minane aliyekaa pale mbele na viatu vyake vya shule, asipande, abaki hapa Kariobangi kwa jirani, mamake aende mazishini bila yeye, kwa sababu eti mtoto asiye wa damu hawezi kutupa udongo kwenye kaburi la mtu wa ukoo wetu. Haya. Sikilizeni kwanza, halafu mniambie ni nani wa kushuka kwenye hilo basi.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Aprili 1986, katika kijiji karibu na Kimilili, kaunti ya Bungoma, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee wetu Opicho na marehemu mama yetu Nasambu, na wasiosikia vizuri huko nyuma narudia, mama yetu aliitwa Nasambu.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1993 hadi 2000, akafanya mtihani wa darasa la nane na kupata alama nzuri kuliko zangu, ambazo hazipo, akaingia kidato cha kwanza Februari 2001, akatoka muhula wa pili wa mwaka uliofuata baba yetu alipofariki, na hakuna mzee hata mmoja kati ya wale walioandika ile karatasi ya langoni aliyejitokeza wakati huo kuuliza huyu kijana wa damu yetu atasoma vipi.

Januari 2004 alifika Nairobi na kuanza kazi katika vibanda vya jua kali hapa Kariobangi, akifundishwa na fundi Ngui, yule pale mwenye kofia, namna ya kupima bati, kulikata, kulikunja na kulipiga ribiti, vile vipini vya chuma vya kuliunganisha, mpaka mwaka 2011, mwaka huohuo mama yetu alipofariki, akafungua kibanda chake mwenyewe cha masanduku ya wanafunzi wa bweni. Kama ulitoka mitaa hii ya Eastlands ukaenda bweni na sanduku lako likaanguka kutoka juu ya basi na halikufunguka, hilo ni lake, na kama lilifunguka, ulinunua kwa mtu mwingine, usituharibie jina leo.

Mwaka 2017 alikutana na Triza, ambaye wakati huo alikuwa akikata nyama katika hoteli moja ya nyama choma pale soko la Burma, na marehemu, ambaye hakuwa na pesa ya kula nyama kila siku, alikuwa akienda kuagiza supu ya mfupa tu na kuikalia saa mbili, hadi Triza akamwambia, "Fundi, hiyo supu ukiendelea kuiangalia hivyo itakuomba namba ya simu." Jumamosi tarehe 13 Januari 2018 Triza alihamia kwake akiwa na begi moja, jiko la mafuta, na msichana wa mwaka mmoja na miezi mitano aliyeitwa Tasha. Huyo Tasha alitembea moja kwa moja hadi kwa marehemu, akamshika pua, akaivuta, akaona haing'oki, akaketi kwenye mguu wake, na kabla wiki haijaisha marehemu alikuwa amempa jina la mama yetu. Mtu hapeani jina la mamake aliyelala kaburini kama anayepeana peremende. Alimpa jina, akampa na ukoo, na huko nyumbani akasema huyu ni wangu, nilimpata kabla ya harusi, basi.

Desemba 2019 alipeleka ng'ombe wawili na mbuzi watatu kwa kina Triza, na Mzee Mulongo ulikuwepo, ulikula kuku mapaja yote mawili, ukampakata huyu mtoto na kusema mbele ya watu, "Jamani, hii pua ni ya ndugu yangu Opicho kabisa." Baba mdogo, pua ni ileile, iko pale mbele, haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni mdomo wako.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Nasambu Makokha, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 2016, aliye gredi ya tatu, na kwa vile kamati inataka ushahidi, ushahidi ni huu.

Kila Jumamosi alasiri alimkalisha kwenye kiti kifupi mlangoni, akachukua ile rula yake ya chuma ya kupimia bati, akaiosha kwa sabuni, na kwa rula hiyo akagawanya nywele za mtoto, kazi aliyofundishwa na Muhiba, mama Zaid wa mlango wa pili, ambaye siku za kwanza alikuwa akipiga kelele kutoka kwake, "Baba Nasambu, hicho ni kichwa, si bati, usivute!" Mtoto naye huku anauliza, "Papa, leo unanichora ramani ya wapi?" na marehemu, ribiti mbili zikiwa bado zimesahaulika mdomoni, anamjibu, "Mtaa wa Buruburu, fezi ya kwanza mpaka ya tano, tulia, ukitikisika nitahamisha watu." Wiki moja mstari ulipinda karibu na sikio, mtoto akajiangalia kwenye kioo, akamwambia hapo pameharibika, marehemu akasema hapana, hapo ni raundabauti, na Jumatatu Nasambu akaenda kuwaringia wenzake shuleni kwamba wao wote hawana raundabauti.

Asubuhi alimpeleka shule kwa miguu, mkoba wa waridi wenye picha ya paka kaufunga yeye kifuani, na vijana wa bodaboda pale stejini, mimi nikiwa miongoni mwao, sikatai, tulikuwa tukimpigia mluzi, "Fundi, umeandikwa kazi ya yaya?" Naye bila kupunguza mwendo, "Ndiyo, na bosi wangu ananishika mkono tukivuka barabara, wako anakushika wapi?" Kisha yule bosi wake mdogo anageuka na kututolea ulimi, na kutoka hapo mpaka lango la shule walikuwa na mchezo wao, anayemwona mbwa kwanza anampiga mwenzake kofi la mkono, na marehemu aliona mbwa wachache sana kwa mtu mwenye macho mazuri vile.

Shule zikifungwa alikuwa naye kibandani, na kazi ya mtoto ilikuwa ukaguzi. Sanduku likishaisha, Nasambu anakuja na uso wa mtu anayelipwa mshahara mkubwa, anagonga pembe zote kwa kidole, anaweka sikio, anafunga macho, halafu anatoa hukumu, "Papa, hii inalia kikohozi, rudia." Na marehemu alikuwa anarudia, jamani, mteja akiwa amesimama na haraka zake. Fundi Ngui alimwambia siku moja utakosa wateja kwa kumchekea mtoto, akajibu, "Ngui, lile la jana nililikagua, ribiti mbili zilikuwa hazijashika, nani anamchekea nani?" Watu wazima wenye watoto wao walikuwa wakifika na kusema hatuchukui hili mpaka yule msichana aligonge.

Na sasa niwaulize, wangapi kati yenu, majirani wa hii ploti, mlijua kwamba marehemu anaitwa Josefat? Nyamazeni tu, najua jibu. Tarehe 11 Juni kamati ilibandika tangazo la kifo kwenye lango, JOSEFAT MAKOKHA OPICHO, na picha yenyewe ilikuwa imechapwa kwa wino mbaya mpaka uso unafanana na tako la sufuria, na watu wakapita hapo siku nzima, wengine wakisema pole yake huyo Josefat, alikuwa anakaa nyumba gani, wakaenda kumgongea Triza mlango kumuuliza Baba Nasambu anaendeleaje hospitalini. Ni Muhiba aliyechukua makaa, akaandika chini ya lile jina, Baba Nasambu, na kabla hajamaliza herufi ya mwisho kilio kikaanza hapo langoni. Mnakuja kutuambia hakuwa na mtoto. Mkimnyang'anya mtoto, huyo mnayemzika ni nani? Hakuna anayemjua!

Ugonjwa ulianza Novemba 2024 kwa kikohozi kikavu, akatumia dawa za duka, ukamzidi Machi mwaka huu, akalazwa mara ya kwanza tarehe 22 Aprili na mara ya pili tarehe 30 Mei, kifua, madaktari walisema mapafu yamechoka na moshi na vumbi la miaka mingi. Watoto hawaruhusiwi wodini, kwa hiyo Nasambu alikuwa akisimama kwenye nyasi chini, marehemu akishikiliwa na nesi kwenye dirisha la ghorofa ya pili, na mtu aliyeshindwa kumaliza uji alikuwa na nguvu ya kuweka vidole masikioni na kutoa ulimi, mtoto naye akijibu hukohuko chini, mpaka askari wa lango akaja kuuliza huyu mtoto anamtukana nani. Jumapili tarehe 8 Juni aligonga kioo cha dirisha mara mbili kwa kidole na kuweka sikio, kumuuliza bosi wake kama kinalia vizuri. Nasambu akafunga macho, akafikiri, akamwonyesha dole gumba. Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Kwa niaba ya familia, na hapa namaanisha familia, Triza na Nasambu, nawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule nesi aliyemshikilia dirishani ingawa hairuhusiwi, nawashukuru majirani wote wa ploti, Muhiba na watu wa msikiti walioleta maji na viti bila kuuliza tunasali wapi, namshukuru fundi Ngui na mafundi wote wa jua kali waliofunga kazi siku tatu, na walimu wa Nasambu. Kamati nayo naishukuru kwa basi. Mtoto atapanda, atakaa kiti changu karibu na jeneza, na huko nyumbani atatupa udongo wa kwanza, na anayetaka kumzuia aje anizuie mimi kwanza, niko hapa, sijaenda mahali.

Sasa hapa ndipo msomaji humwambia marehemu alale kwa utulivu, na mimi nimeliandika hilo neno, liko hapa chini, lakini haliwezi kutoka, kwa sababu kuna sehemu nimeiruka.

Mwaka 2018 marehemu aliniambia mimi peke yangu kwamba Nasambu si wa damu yake, akasema, "Wabwire, hii naiweka kwako, nyumbani wasijue kamwe," nikamwapia kwa kaburi la mama. Jumamosi iliyopita kamati ilikaa kuuliza kibanda na vifaa vya marehemu vitashikwa na nani, na Mzee Mulongo, nimekutukana vya kutosha leo lakini hili ni lako, ni wewe uliyesema vitashikwa na mtoto wake, mamake amsimamie. Wote wakakubali. Ilikuwa imeisha. Mimi nikainuka, kwa sababu nilikitaka kile kibanda, nimekitaka tangu nianze kuendesha pikipiki ya mtu, nikasema, "Huyo mtoto alikuja na mamake." Hakuna aliyenishika koo. Hakuna hata aliyeniuliza swali.

Leo asubuhi Nasambu amenijia nikiwa napiga viatu rangi, akaniuliza, "Papa Wabwire, nani aliwaambia?" Nikamwambia sijui.

Nasambu, ni mimi.