Unga Mlangoni

Pauline: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

Jael: Dada Pauline, ni mimi Jael. Hii simu ni ya dereva wetu.

Pauline: Jael wa Riyadh! Yako iko wapi?

Jael: Madam amechukua. Uko kazini?

Pauline: Niko hapa ofisi za bandarini, napiga deki. Mbona unanong'ona—

Jael: Niko stoo. Salio ni kidogo, sikiza tu. Unamkumbuka Selvi, mpishi wetu, yule wa Tamil Nadu?

Pauline: Wa kuchora na unga?

Jael: Huyo. Kila alfajiri, mlango wa jikoni. Anaweka nukta kwanza, halafu anazungusha mstari mpaka urudi ulikoanzia. Mamake alimfundisha, na yeye akanifundisha. Tukimaliza tunafagia kabla madam aamke.

Pauline: Nilikuambia uwachane na hizo vitu.

Jael: Juzi hakuchora. Alijifungia chumbani, hasemi. Nikadhani ni mgonjwa, nikamchorea.

Pauline: Wewe?

Jael: Safu saba za nukta, dada. Kubwa. Sikufagia, nilitaka aione akitoka. Madam akaiona kwanza, akasema ni uchawi.

Pauline: Uui, Jael.

Jael: Akamwita Selvi, akamuuliza kama ni yake. Selvi akaangalia chini, akakaa hapo kwenye unga, akalia. Madam akasema basi, amekubali.

Pauline: Analia nini na si yeye?

Jael: Mamake... (mkwaruzo)

Pauline: Sikusikii. Mamake nini?

Jael: Alikuwa amekufa. Selvi alipigiwa jana yake jioni. Dereva ndiye ameniambia leo. Kwao kukiwa na msiba hawachori, mlango unabaki mtupu. Mwenzangu yuko matanga, mimi naenda kumpambia mlango.

Pauline: Hukujua.

Jael: Amefungiwa juu tangu juzi. Leo baada ya asri polisi wanakuja kumchukua. Na huku ukishikwa na neno uchawi, ni kukatwa kichwa—

Pauline: Najua. Ndiyo maana nakwambia ufunge mdomo. Ikama yako, kibali cha kuishi huko, iko na nani?

Jael: Kafili, huyu bosi aliyenileta.

Pauline: Pasipoti?

Jael: Yeye tu.

Pauline: Na Charity ana miaka mingapi?

Jael: Mitano.

Pauline: Basi halas. Una mtoto, nyamaza.

Jael: Nilishasema. Jana nilimwambia madam ni mimi. Akacheka, ati Mwafrika atajulia wapi mambo ya Wahindi. Akaniambia niache kumfichia rafiki yangu.

Pauline: Basi shukuru Mungu. Umesema, hawakusikia, dhambi si yako tena. Jael? Hiyo ni nini inakwaruza?

Jael: Bakuli la unga. Limegusa sakafu.

Pauline: Sakafu ya stoo?

Jael: Nimetoka. Niko mlango mkubwa wa mbele.

Pauline: Wee Jael, wacha.

Jael: Selvi amefungiwa, ufunguo anao madam. Hii hawawezi kusema ni yake.

Pauline: Si umesema kwao msiba hawachori? Unamchorea mara ya pili?

Jael: Najua. Dirisha lake ni hapa juu. Ananiona.

Pauline: Anasema nini?

Jael: Anagonga kioo. Ananikataza kwa mkono.

Pauline: Msikize. Chukua ufagio, nakuomba. Nitamwambia nini mamako mimi?

Jael: Usimpigie leo. Ngoja kesho, akishampeleka Charity shule.

Pauline: Jael, fagia.

Jael: Geti linafunguliwa. Madam ndiye huyo anashuka ngazi.

Pauline: Fagia, mdogo wangu—

Jael: Umebaki mstari mmoja, dada. Wacha aniangalie nikiufunga.

(mkwaruzo)

Pauline: Jael? ... Haloo?