Jogoo wa Kishungi Aliyepelekwa Oyugis: Wasifu wa Marehemu Marcella Bitutu Arasa

Marehemu Marcella Bitutu Arasa alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 huko Nyamira, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Omosa. Alimaliza darasa la saba mwaka wa 1973. Karo ya sekondari haikupatikana, hivyo akajifunza ushonaji, na kuanzia mwaka wa 1977 alishona sare za shule mjini Rongo.

Mwaka wa 1980 alifunga ndoa na Bwana Nicholas Arasa katika Kanisa Katoliki. Walijaliwa watoto wawili, Bosibori na Mochama.

Wengi walimjua kwa kuku wake wa mapambo, wenye kishungi kikubwa kichwani. Jozi ya kwanza alipewa na Bwana Hamud, jirani yake dukani, mwaka wa 2012. Kwa kuwa manyoya yaliwaziba macho wasimwone mwewe, aliyapunguza kwa mkasi wake wa kushonea, huku akiwauliza kama wanataka mtindo wa shule au wa harusi. Hakuwahi kumchinja hata mmoja.

Hilo ndilo lililoleta huzuni. Agosti 2017, wazazi wa mume wa Bosibori walikuja kutoka Oyugis. Marcella aliwapikia jogoo wa kununuliwa sokoni, ilhali wa nyumbani walikuwa wakitembea mbele ya wageni. Mama mkwe wa Bosibori, Mama Bochaberi, akauliza, "Kumbe hawa wenye vilemba kazi yao ni kutuangalia tukila?" Watu walicheka, Marcella akaondoa vyombo. Tangu siku hiyo nyumba hizi mbili hazikutembeleana. Hata mjukuu alipozaliwa, kila upande ulikwenda kumwona kwa siku yake. Baadaye Marcella alikiri kwamba alipaswa kuchinja, au angalau kueleza.

Saratani ya tumbo iligunduliwa Oktoba 2024. Februari mwaka huu, akiwa kitandani, alimtuma Bosibori ampelekee Mama Bochaberi, kule Oyugis, jogoo aliyempenda kuliko wote.

"Mwambie amchinje," alisema, "na asinibakizie hata shingo."

Alisubiri jibu. Halikuja. Alituacha Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025.

Juzi Mama Bochaberi alifika matangani, akaketi karibu na Bosibori. "Kisu nilikinoa," alisema. "Nikampapasa kile kilemba, nikashindwa. Nikaona aibu kutuma neno. Nilipanga kuja ile Jumapili ya tarehe 16, baada ya misa, nimwambie mwenyewe kwamba sasa nimemwelewa."

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na wakwe zake wa Oyugis. Alale kwa amani. Jibu alilolisubiri limesomwa hapa, mbele ya jeneza lake.