Jibu la Maji Alilolingoja Mama Capitoline

Mpendwa wetu Mama Capitoline Nyirabahizi alizaliwa Kiringye tarehe 14 Mei 1963, kifungua mimba wa Mzee Ntawukuriryayo, na tangu utoto hakujua kunyamaza. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, akapata diploma ya serikali Uvira mwaka 1983, kisha akafundisha watoto wa Luberizi mpaka alipostaafu.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na Térence Kagabo, mkulima wa mpunga. Mungu aliwajalia Noella na Vainqueur. Térence alipofariki mwaka 2014, wanawake wa zamu, wanaosaidiana kupandikiza mpunga shamba kwa shamba, ndio waliomshika mkono. Shamba lake halikulala hata msimu mmoja.

Mwaka 2019 timu ya chuo kikuu ilikuja kuchunguza kwa nini watoto wa Kiringye waliharisha kila mvua zilipoanza. Wakakusanya wanaume kwa chifu, wakawauliza habari za maji ya nyumbani. Mama Capitoline alicheka mpaka akashika mbavu. "Professeur," alimwambia Sabine, kiongozi wao, "mwanaume anajua maji iko mu ndoo. Ilitoka wapi, uliza bibi yake." Akawapeleka mferejini kwa wachota maji. Wanawake walisita, maana watafiti wengine walishakuja, wakauliza, wakapotea. Ndipo akatoa neno lake: "Kwetu chombo ya jirani hairudi tupu. Hawa watarudisha jibu. Ni miye nimesema."

Chupa zilijazwa maji, timu ikaondoka. Kila Mama alipopiga simu aliambiwa ripoti iko njiani. Watoto walizidi kuugua, na wenzake wakaacha kumwita kwenye zamu. Walimsalimia, ndiyo, lakini salamu ya njiani tu. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wa figo uliomwanza mwaka 2022.

Hospitalini Uvira alimwambia Noella: "Sabine akikuya ku kilio yangu, asilete maua. Alete jibu." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2024. Aliondoka hajalisikia, na hilo linatuchoma mpaka sasa.

Jana mchana, baada ya Noella kumfikishia ujumbe huo, Sabine alifika bila maua. Mbele ya akina mama alikiri kwamba ripoti ilipelekwa kwa wafadhili, naye akadhani ingeteremka yenyewe hadi Kiringye. Kisha akaeleza: ugonjwa unatoka kwenye vyoo vya soko, unaingia mferejini, maji yachotwe juu ya soko, kabla mfereji haujafika vyooni, na yachemshwe.

"Na weye ulijua hii tangu lini?" mama mmoja akauliza.

"Tangu 2021," akajibu, akalia. Hakuna aliyembembeleza.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, akina mama wa zamu waliingia shambani mwa marehemu wakapandikiza mpunga wake mpaka tuta la mwisho. Wamekuja hapa na matope miguuni.

Mama Capitoline ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada yake Generose, na shamba lililopandwa.

Mama, jibu limefika. Limechelewa, lakini limefika. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana.